Kura ya mgombea aliyeshindwa inaishia wapi?

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi naishi kijijini mkoani Dodoma. Kura ya ubunge nimepiga 2010 na 2015, mara zote mgombea wangu kaangushwa. Mzee mmoja pale kijiweni kanambia kura ya aliyeshindwa ni sawa na karatasi ya kufungia karanga, ikishatumika basi. Ni kweli? Na kama ni kweli, mimi kule Bungeni nani ananisemea? Na kwani nani alisema lazima jimbo liwe na mbunge mmoja tu?"

Marahaba mdogo wangu. Mzee wako wa kijiweni hajakosea sana, ila kuna kitu kimempita, na nitaanzia hapohapo maana ndo kinafungua swali lako lote. Kura yako ya ubunge ya 2010 ilihesabiwa mara mbili. Mara ya kwanza pale jimboni, mgombea wako akazidiwa, ikaishia hapo, kweli kama karatasi ya karanga. Mara ya pili ikajumlishwa na kura za ubunge za chama cha mgombea wako nchi nzima, kutoka Kagera mpaka Mtwara, ili kugawa viti maalum vya wanawake, na huko haikutupwa, ilisukuma. Karatasi ni ileile, siku ni ileile, ila zimepigwa hesabu mbili na kila hesabu imetoa jibu lake.

Sasa tazama majibu yenyewe. Mwaka ule CHADEMA ilipata karibu asilimia 24 ya kura zote za ubunge, CUF ikapata asilimia 10 na ushee, yaani CHADEMA ilikuwa na kura zaidi ya mara mbili ya CUF. Kwenye majimbo 239, CHADEMA ikatoka na 23, CUF ikatoka na 24. Soma tena hizo namba taratibu. Mwenye kura mara mbili kazidiwa kiti kimoja. Halafu nenda kwenye viti maalum, vilikuwa 102, CHADEMA ikapewa 25, CUF 10, CCM 67. Huku viti vinafuata kura, kule havifuati, na wapiga kura ni walewale. CCM yenyewe kwa kura asilimia 60 ilichukua majimbo 186, ambayo ukipiga hesabu ni karibu asilimia 78 ya majimbo yote.

Mimi nimefundisha mambo haya miaka mingi na bado kila nikiandika hizo namba ubaoni darasa linanyamaza, mpaka mtu mmoja anyooshe mkono aseme mwalimu hapo umekosea. Sijakosea. Ndivyo mfumo wenyewe unavyofanya kazi hata kama hakuna mtu aliyeiba kura hata moja. Na ndo maana nimechagua 2010 na 2015, chaguzi za karibuni zaidi zina mizozo yake mingine mizito kabisa, 2025 kwa mfano CHADEMA haikuwemo hata kwenye karatasi ya kura, sasa pale huwezi kupima mfumo wa majimbo maana kuna maswali makubwa zaidi yametangulia mbele.

Kwa nini inatokea? Kwa sababu jimbo la mbunge mmoja haliulizi wenzako mko wangapi nchini, linauliza mnakaa wapi. Watu wa CUF wakati ule walikuwa wamekaa pamoja. Pemba ilikuwa na majimbo 18 na CUF ilichukua yote 18, ikaongeza manne ya Unguja, na huku bara ikapata Lindi Mjini na Kilwa Kusini, basi, hizo ndo 24 zake. Watu wa CHADEMA walikuwa wengi zaidi lakini wametawanyika. Pale walipojazana, mijini, walishinda: Arusha Mjini, Moshi Mjini, Mbeya Mjini, Iringa Mjini, Nyamagana, Ilemela, Ubungo, Kawe. Ila kule vijijini ambako walikuwa watu ishirini au thelathini katika kila mia, hao wote hawakuzaa kitu, na kama mgombea wako alikuwa wa CHADEMA, wewe ndo ulikuwa mmoja wao. Chama kikiwa na asilimia 30 kwenye majimbo mia moja kina watu wengi ajabu na kinaweza kuondoka na viti sifuri, wakati chama kidogo chenye ngome moja imara kinaingia Bungeni kinapiga makofi.

Na usidhani wanaoumia ni wapinzani peke yao. Fikiria mwana-CCM wa Wete au Chake Chake miaka ile. Alikuwa anapiga kura uchaguzi baada ya uchaguzi, wenzake wa CCM Pemba walikuwepo kwa maelfu, na kiti cha jimbo hakuna hata kimoja. Yule ni ndugu yako katika hili, amekaa upande wa pili wa meza ila maumivu ni yaleyale.

Ngoja nikupe mfano wa kuhesabu kura kwa maharage, ndo ninaoutumia na wanafunzi. Weka majimbo matano, kila jimbo lina wapiga kura 100. Kuna chama cha Embe na chama cha Nazi. Kwenye majimbo matatu Nazi inashinda kwa 51 dhidi ya 49. Kwenye mawili yaliyobaki Embe inaifagia Nazi kwa 80 dhidi ya 20. Jumlisha: Nazi ina kura 193, Embe ina kura 307. Viti: Nazi vitatu, Embe viwili. Nazi inaunda serikali ikiwa na karibu asilimia 39 tu ya kura na hakuna aliyevunja sheria.

Hili halijabaki kwenye maharage. Afrika Kusini 1948, uchaguzi wa Wazungu kwa sehemu kubwa kabisa maana weusi walio wengi hawakuruhusiwa kupiga kura, chama cha Jenerali Smuts kilipata kura karibu asilimia 49, chama cha National cha Malan kikapata karibu asilimia 38. Lakini kura za Smuts zilikuwa zimejazana mijini, anashinda huko kwa mlundikano ambao haumuongezei kiti, na sheria ilikuwa inaruhusu majimbo ya mashambani yawe na wapiga kura wachache kuliko ya mijini. Malan akapata viti 70, mshirika wake 9, Smuts akabaki na 65 na jimbo lake mwenyewe la Standerton akalipoteza. Kutoka hapo ndo ubaguzi wa rangi ukafanywa kuwa sera rasmi ya serikali na ukakaa zaidi ya miaka arobaini. Simaanishi kwamba majimbo ndo yaliuleta ubaguzi, ubaguzi ulikuwepo siku nyingi, ila mlango wa ikulu ulifunguliwa na hesabu ya majimbo, sio na wingi wa kura. Na baadaye, 1994, nchi hiyo ilipoanza upya ikaachana kabisa na majimbo ya mbunge mmoja, ikaenda kwenye orodha za vyama, chama kidogo chenye sehemu ndogo sana ya kura nacho kinapata kiti chake.

Mfano mwingine ambao nausema kila mahali ni Lesotho, na natamani watu wetu wangeujua vizuri maana ni jirani zetu kwenye SADC. 1993 chama cha BCP kilipata kama robo tatu ya kura kikachukua majimbo yote 65, yote, wapinzani wenye robo ya nchi hawakupata hata kiti cha kukalia. 1998 ikajirudia, chama cha LCD kwa kura kama asilimia 60 kikachukua majimbo 79 kati ya 80, BNP iliyokuwa na karibu robo ya kura ikaambulia kimoja. Watu wakaingia barabarani, wakasema tumeibiwa, haiwezekani. Mji wa Maseru ukachomwa na kuporwa, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia nchini. Kitu kinachoniuma kwenye historia ile ni kwamba hasira ya watu wale ilikuwa na msingi hata kama kura zilihesabiwa sawasawa. Mtu aliyeona mkutano wa chama chake umejaa, akaona jirani zake wanne katika kila kumi wamekataa chama tawala, halafu anaambiwa Bungeni mna mtu mmoja, huyo utamweleza nini akuelewe?

Turudi nyumbani tuongee mipaka. Kama ushindi unategemea watu wanakaa wapi, basi anayechora mstari wa jimbo ameshika kitu kizito sana mkononi. Katiba yetu ibara ya 75 inataka mipaka iangaliwe upya angalau kila baada ya miaka kumi na Tume ya Uchaguzi iangalie mawasiliano na hali ya kijiografia. Zanzibar kabla ya uchaguzi wa 2005 majimbo ya Pemba yalipunguzwa kutoka 21 hadi 18 na ya Unguja yakapanda kutoka 29 hadi 32. Sasa hapa nataka nikuoneshe jambo. Ukichukua sensa ya 2002, Pemba ilikuwa na kama asilimia 37 ya Wazanzibari, na asilimia 37 ya majimbo 50 inakupa 18 na kidogo, kwa hiyo kwa hesabu ya watu mabadiliko yale yanatetewa. Lakini kwa kuwa Pemba yote ilikuwa ya chama kimoja, mabadiliko hayohayo yenye hesabu nzuri yalikuwa yanachukua viti vitatu kutoka upande mmoja na kuvipeleka kwenye kisiwa ambacho karibu chote kilikuwa cha upande wa pili. Kwenye nchi inayogombaniwa hamsini kwa hamsini viti vitatu ni vita. Ndo ujue kwamba kwenye mfumo huu hakuna kalamu isiyo na upande, hata mchoraji akiwa mtu mwadilifu kabisa, mstari wake utamfaidisha mtu na kumuumiza mtu.

Na ukubwa wa majimbo nao haulingani. Sensa ya 2022 inasema Dar es Salaam ina watu milioni 5.38. Mwaka 2025 Tume iliongeza majimbo mawili pale, Kivule na Chamazi, yakawa 12, kwa hiyo kila mbunge wa Dar anabeba watu kama laki nne na nusu kwa wastani. Zanzibar ina watu kama milioni 1.89 na majimbo 50 ya Bunge la Muungano, ni watu kama elfu 38 kwa mbunge. Naomba nisieleweke vibaya hapa, Zanzibar ni mshirika wa Muungano sio mkoa, na nchi ndogo ikiungana na nchi kubwa lazima ipewe viti vya kutosha isimezwe, hiyo naiunga mkono. Ninachosema ni kwamba kura ya mtu wa Mbagala na kura ya mtu wa Micheweni hazina uzito mmoja na sababu yake inabidi isemwe kwa sauti ili watu waijue. Wakenya wameliandika hili kwenye katiba yao ya 2010, jimbo lisizidi wala kupungua wastani wa watu kwa zaidi ya asilimia 30, au 40 kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache, na hata hivyo kwenye zoezi la mwaka 2012 yale majimbo madogo 27 hawakuyafuta, wakayaacha, maana nani atamwambia mtu wa Lamu Mashariki kwamba huna mbunge tena?

Kitu cha tatu ambacho jimbo la mbunge mmoja linafanya ni kuwalazimisha watu waungane au wafe. Sio lazima mshindi avuke nusu ya kura, anatakiwa awazidi wengine tu. Kwa hiyo wapinzani wawili wakisimama jimbo moja wanagawana kura na wa tatu anapita katikati. Wakenya walilipa gharama hii 1992. Chama cha upinzani cha FORD kikapasuka, FORD-Kenya ya Oginga Odinga huku, FORD-Asili ya Kenneth Matiba kule, na DP ya Mwai Kibaki pembeni, Rais Moi akarudi ikulu kwa asilimia 36 na chama chake cha KANU kikachukua viti 100 kati ya 188. Miaka kumi baadaye, 2002, wakaingia pamoja chini ya muungano wa NARC na KANU ikaondoka. Sisi tulijaribu 2015 na muungano wa UKAWA, CHADEMA na CUF na NCCR-Mageuzi na NLD wakaachiana majimbo, na ukitazama CUF ilipanda kutoka majimbo 24 hadi 32 na CHADEMA kutoka 23 hadi 34. Pale waliposhindwa kuelewana, kama Segerea, wote wawili wakasimamisha mtu na kiti kikaenda CCM. Sasa wewe mpiga kura kwenye mazingira kama hayo huulizi tena nani namtaka, unauliza nani anaweza kumshinda yule nisiyemtaka. Hiyo nayo ni kura lakini sio sauti yako kamili, na kwangu mimi hiyo ni hasara isiyoonekana kwenye matokeo yoyote.

Nimeusema vibaya mfumo huu sana, sasa niwe mkweli kuhusu uzuri wake maana upo na ni mkubwa. Bunge letu lilikuwa na majimbo ya mbunge mmoja hata wakati wa chama kimoja, na hapo ndo utaona nguvu ya jimbo lenyewe ikiwa peke yake. 1965 TANU ilikuwa inasimamisha watu wawili kila jimbo, mmoja anapewa alama ya Jembe mwingine Nyumba, sera ni moja, chama ni kimoja, kilichobaki ni kuulizana tu huyu na yule nani anatufaa. Na watu walichagua kwelikweli. Paul Bomani, waziri wa fedha wa nchi, aliangushwa. Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Asia, akashinda Morogoro dhidi ya mgombea Mwafrika. Baba yangu mpaka anafariki alikuwa anasimulia uchaguzi wa Jembe na Nyumba kwa furaha, anasema waziri alikuwa anakuja kijijini anavua kofia. Hicho ndo kitu ambacho orodha ya chama haiwezi kukupa. Kwenye orodha mtu yuko namba tatu, wewe mwananchi umkasirikie usimkasirikie ataingia tu kama viongozi wa chama wanampenda.

Tumeshaona pia ubaya wa kiti kinachotoka kwa chama. Mwaka 2020 wanawake 19 wa CHADEMA waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalum, chama kikasema hakikuwapeleka na kikawafukuza uanachama, nao wakaendelea kukaa Bungeni huku kesi na barua zinazunguka. Sitaki kuingia nani alikuwa sahihi, nataka uone kwamba katika mgogoro wote ule mwananchi hakuulizwa popote, maana hakukuwa na jimbo la kuuliza.

Sasa swali lako la pili, nani anakusemea. Hapa inabidi utenganishe kusemewa kwa aina mbili, watu wengi wanazichanganya. Kuna kusemewa mambo ya mahali: kisima, zahanati, daraja, mashine ya eksirei hospitali ya wilaya, walimu wa sayansi. Hayo mbunge wako wa jimbo ni wako hata kama hukumpigia, yeye ni mbunge wa watu wote wa jimbo, ana haki ya kuuliza swali Bungeni na kusimamia mambo kwenye baraza la madiwani la halmashauri yenu, na yeye ndo mwenyekiti wa kamati ya ule Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo uliowekwa kwa sheria ya 2009. Mwandikie, nenda ofisini kwake, msimamishe kwenye mkutano, na usikubali mtu akwambie wewe ulikuwa upande ule kwa hiyo kaa kimya. Nimeona kijiji kimoja wazee wanaogopa hata kuomba madawati kwa sababu kitongoji chao "kilipiga vibaya". Nilikaa nao chini ya mwembe asubuhi nzima kuwaambia kwamba madawati sio zawadi ya ushindi, ni kodi yao.

Halafu kuna kusemewa msimamo: kodi iwe vipi, ardhi, bei za mazao, katiba mpya, haki za vyama. Hapo mbunge uliyemkataa hatakusemea, na sio kwamba ni mtu mbaya, alichaguliwa na wanaoamini kinyume na wewe na kwenye kupiga kura ya sheria atafuata chama chake. Kwenye hilo anayekusemea ni mbunge wa chama chako aliyechaguliwa na watu wa jimbo lingine, labda mtu wa mjini ambaye hajawahi kukanyaga shambani kwako na hajui zabibu zinalimwaje. Na wale wa viti maalum ambao kura yako iliwasukuma, hao wanakuhusu zaidi ya unavyofikiri. Mtafute wa mkoa wako umwambie nilikupigia, maana kweli ulimpigia.

Na hapo kwa wanawake niseme kitu, japo hukuuliza. 2010 na 2015 wanawake walioshinda majimboni hawakufika hata thelathini kati ya majimbo zaidi ya 230. Jimbo la mbunge mmoja linawabana hivi: chama kina nafasi moja tu ya kuteua, kwenye kura za maoni za ndani ya chama wanagombea kumi na tano, mwenye hela na mtandao wa kiume ndo anapita, na hakuna nafasi ya pili ya kumuweka mama. Rwanda wanaotumia orodha pamoja na viti 24 vya wanawake, mwaka 2013 walikuwa na wanawake 51 kati ya wabunge 80. Viti maalum vyetu ni kiraka kwenye tobo ambalo jimbo lenyewe limelitoboa.

Swali la mwisho, nani alisema lazima awe mmoja. Hakuna aliyesema! Uchaguzi wa kwanza kabisa wa Tanganyika, 1958 na 1959, kila jimbo lilitoa wawakilishi watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, na mpiga kura alilazimishwa kuwapigia wote watatu, ile kura tatu iliyotaka kuivunja TANU mpaka Mwalimu Nyerere akawashawishi wenzake kule Tabora Januari 1958 waingie hivyohivyo. Mfumo ule ulikuwa wa kibaguzi na ulistahili kufa, ila unaonesha kwamba jimbo la mtu mmoja halikushuka kutoka mbinguni. Na juzijuzi tu, 2013, rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza Bunge dogo la Muungano, mkoa kwa bara na wilaya kwa Zanzibar ndo iwe jimbo, na kila jimbo litoe wabunge wawili, mwanamke na mwanamume. Viti 50 bara, 20 Zanzibar, na watano wa kuwakilisha watu wenye ulemavu. Ile rasimu ilibadilishwa sana kwenye Bunge Maalum la 2014 na kura ya maoni haijapigwa mpaka leo, lakini wazo lilishaandikwa na Watanzania wenyewe baada ya kuzunguka nchi nzima kusikiliza watu.

Mimi ukiniuliza napenda njia waliyoifuata Lesotho baada ya moto ule. Waliacha majimbo yao 80 kama yalivyo, kila mtu na mbunge wake, halafu wakaongeza viti 40 vya kufidia. Maana ya kufidia ni kwamba unaangalia kura za nchi nzima, unaona chama kilistahili viti vingapi, unatoa vile kilivyopata majimboni, unakijazia pengo. 2002 LCD ilichukua karibu majimbo yote tena, lakini BNP safari hii ikapata viti 21 vya kufidia na Maseru haikuwaka. Hapo ndo tofauti na viti maalum vyetu, sisi hatufidii, tunamuongezea kila mtu juu ya alichonacho, CCM ya 2010 ilikuwa na 186 tukaiongezea 67. Kama viti vyote 341, vya majimbo na vya wanawake, vingefuata kura, CCM ingekuwa na kama 205 badala ya 253 na CHADEMA ingefika themanini na kitu badala ya 48. Serikali ingebaki ileile, na wingi wa kutosha wa kupitisha bajeti, ila kule Bungeni ungesikia watu wa vijijini kwenu.

Njia hiyo nayo ina mashimo yake. Lesotho 2007 vyama vikubwa viligundua ujanja wa kugawana na vyama rafiki, kimoja kinachukua majimbo kingine kinachukua fidia, mpaka sheria ikabadilishwa mpiga kura awe na karatasi moja tu. Na serikali za mseto zilizofuata zimekuwa zikivunjika, wamepiga kura 2012, 2015, 2017. Mtu anayetaka serikali imara atakwambia bora majimbo yetu, na hoja yake ni nzito, sitaidharau. Mimi tu nimeona bei ya ule uimara inalipwa na nani, na kila mara ni watu kama wewe.

Fanya hivi basi. Chukua matokeo ya ubunge ya 2010 na 2015 ya majimbo yote ya mkoa wa Dodoma, andika kwenye daftari kura za kila chama jimbo kwa jimbo, jumlisha chini, halafu pembeni andika viti. Uyapeleke pale kijiweni mkayapigie hesabu na yule mzee, na mkikwama kwenye asilimia niandikie tena.